Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama,

Niwaombe radhi kwanza. Mkutano huu ulikuwa ufanyike wiki mbili zilizopita, mvua ikajaza Jangwani na nusu yenu mkakwama ng'ambo. Leo katibu amehesabu vichwa, akidi imetimia, basi nisome.

Mwaka jana mlipitisha kwamba mada yetu ya mwaka iwe madhara ya vita kwa mazingira. Kura zilipishana kidogo sana. Waliopinga walisema jiji hili lina taka, lina mafuriko, lina moshi wa mkaa; vita vya wenzetu vinatuhusu nini? Mimi nilikuwa mmoja wao na kumbukumbu zinaonyesha hivyo. Sasa nimegeuka, na sehemu kubwa ya taarifa hii ni kueleza kilichonigeuza.

Semina tuliifanya tarehe 6 Novemba, siku ambayo Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliitenga mwaka 2001 kwa ajili ya jambo hili hili. Niliomba mapema asitokee mtu na methali ya fahali wawili na nyasi. Ilitokea mara nne. Vijana walituonyesha picha za Kuwait ya 1991, visima zaidi ya 600 vya mafuta vilivyotiwa moto na jeshi la Iraq likirudi nyuma, mchana ukiwa kama usiku. Kazi nzuri, lakini ukumbi ulikuwa unapiga miayo. Tuliamka pale mama mmoja, mwenzetu aliyekulia Ngara, aliposimama.

Alikuwa binti mwishoni mwa Aprili 1994, watu wapatao 250,000 walipovuka mpaka wa Rusumo kutoka Rwanda ndani ya takriban saa 24 na kambi ya Benaco ikaota kama uyoga. Kabla ya hapo, alisema, kuni ziliokotwa nyuma ya jiko. Kwanza yakaisha matawi makavu, kisha mabichi, kisha mashina, na mwisho watu wakawa wanachimba visiki kwa jembe. Yeye na dada zake wakaanza kuondoka alfajiri na panga na kurudi jua la utosi. Mtu mmoja nyuma akasema wakimbizi ndivyo walivyo, wakipita mahali hapabaki kitu. Mama akamgeukia taratibu: "Mwanangu, mtu unampa mahindi makavu na maharage, humpi moto, halafu unamlaumu kwa mti?"

Hapo ndipo nilipogeuka. Katika mpango kazi wetu tulikuwa tumeandika "uharibifu uliosababishwa na wakimbizi". Nimemwagiza katibu afute, aandike "uliosababishwa na vita". Asiyekubali alete hoja leo.

Na tusidhani vita vimetugusa kwa kupokea wageni tu. Mzee wetu wa Liwale alitukumbusha Maji Maji, 1905 hadi 1907. Wajerumani, chini ya gavana Götzen, walichoma vijiji, mashamba na maghala ya chakula, kwa makusudi, ili njaa imalize kazi. Wao wenyewe walikadiria waliokufa ni 75,000. Wapo wanahistoria wanaofika 250,000 na zaidi. Ardhi iliyokuwa mashamba ikarudi msitu, tembo wakaingia, mbung'o wakafuata. Sehemu ya pori hilo baadaye Waingereza waliliita Selous, jina la mwindaji wao aliyeuawa vitani Beho Beho mwaka 1917, na tangu 2019 eneo kubwa ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Watalii wanaambiwa ni pori ambalo halijaguswa. Mzee alicheka sana.

Safari ya mwaka ilikuwa Morogoro, kwa treni ya umeme, kuwaona panya buku wa APOPO, shirika linalofundisha panya kunusa mabomu ya ardhini, pale Chuo Kikuu cha Sokoine. Mwanachama mmoja aliyelipa nauli kamili alikataa kushuka garini alipojua kwamba panya hawamo kwenye vizimba muda wote. Waliobaki tuliona jambo la ajabu: panya amefungwa kamba, anakwenda na kurudi, pua chini, akinusa baruti iliyofukiwa husimama na kukwaruza udongo. Ni mwepesi kiasi kwamba bomu halilipuki. Kisha anapewa ndizi. Panya mmoja, Magawa, aliyezaliwa hapo hapo na kufanya kazi Kambodia, alinusa mabomu na vilipuzi zaidi ya 100 kabla ya kufa 2022, na alipewa nishani ya dhahabu. Msumbiji, ambako panya hawa walifanya kazi, ilitangazwa haina mabomu ya ardhini mwaka 2015. Vita vyao vilikwisha 1992. Hesabuni misimu ya kilimo iliyopita hapo katikati, maana shamba lenye bomu moja halilimwi lote.

Jirani zetu hao wana na lingine. Kule hifadhi ya Gorongosa, wakati wa vita hivyo, tembo waliuawa kwa ajili ya nyama na pembe za kununulia silaha, zaidi ya tisa kati ya kila kumi. Jike asiye na pembe alinusurika, akazaa mabinti wasio na pembe. Kabla ya vita majike wa namna hiyo walikuwa kama mmoja kati ya watano. Baada ya vita, nusu.

Sasa mikoko yetu ya Kunduchi, na hapa sina pa kujificha. Miche karibu yote imekufa. Tulipanda aina iitwayo mkoko mbele kabisa, panapopigwa na mawimbi, mahali pa aina nyingine, mlilana. Mvuvi alituambia baada ya kazi. Hatukuwa tumemuuliza kabla. Kamati inataka kujaribu tena, na mimi naiunga mkono kwa sababu ya Vietnam. Mikoko ya kusini mwa nchi ile ilinyunyiziwa sumu ya kupukutisha majani na ndege za Marekani, na mnyunyizo mmoja ulitosha kuiua. Kule Can Gio walianza kupanda upya 1978, mbegu zikiletwa kwa mashua kutoka Ca Mau, na mwaka 2000 UNESCO iliutambua msitu huo.

Fedha ataeleza mweka hazina. Niseme tu kwamba ada hazilipwi, na wasiolipa ndio wanaoongea zaidi.

Upandaji wa pili ni mwezi ujao, maji ya bahari yakitoka. Waliochukua buti za mpira mara ya kwanza wazirudishe kwa katibu, jozi sita, mojawapo imetoboka.