Urafiki wa askari wetu nao uingie kwenye filamu

Mhariri,

Naandika kuhusu makala yenu ya juzi juu ya filamu za vita. Ni kweli kwamba kinachomgusa mtazamaji si mizinga bali usuhuba wa wapiganaji: wawili wanaogawana sigara handakini, mmoja akimsomea mwenziwe barua ya nyumbani. Ila marafiki hao karibu siku zote ni Wazungu. Mwafrika, akionekana, amebeba mzigo.

Visa vyetu vipo. Februari 1944 meli ya Khedive Ismail iliondoka hapa Mombasa kwenda Colombo, ikiwa na wapiga mizinga wa Afrika Mashariki. Nyambizi ya Wajapani iliizamisha karibu na Maldives, wakafa watu zaidi ya 1,200. Askari wetu wengine walipigana Burma (Myanmar ya leo), watu wa makabila mbalimbali wakiunganishwa na Kiswahili cha kambini (kibovu pengine, lakini cha kutosha kutaniana). Mtunzi gani atakosa kisa hapo?

Napendekeza Kamisheni ya Filamu ya Kenya na serikali ya kaunti zigharimie filamu fupi za Kiswahili kuhusu askari hao, kwa kuanzia na kumbukumbu za familia zao. Zionyeshwe kwanza Fort Jesus, bila kiingilio.

Msomaji,
Kisauni, Mombasa