Mama Kulwa, orodha yako imenishinda

Buhongwa, Mwanza
Julai

Mpendwa Mama Kulwa,

Salamu sana kwako na kwa wote hapo nyumbani. Sisi huku hatujambo. Baba Bahati anaendelea na mguu wake pamoja na malalamiko yake, na Leticia amejifungua salama. Mengine tutayazungumza utakapofika, kwa kuwa kilichoniketisha kuandika ni orodha yako ya vitu vya sherehe ya kumuaga Kulwa.

Fedha zimefika. Umeandika magunia mawili ya mchele, sado kumi (yale makopo ya kupimia) za maharage, matenga mawili ya nyanya na gunia la dagaa, kisha ukaweka bei mbele ya kila kitu. Nakuomba kwa heshima zote uiandike upya, na safari hii uweke kilo, kwa sababu bei ya gunia haikuambii lolote mpaka ujue gunia lenyewe limebeba nini. Sheria ya vipimo inakataza lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kiasi, na gunia la mazao halitakiwi kuzidi kilo 100. Hata hivyo, mnunuzi hufika shambani na gunia aliloliongezea kilemba, mkulima akalijaza na kulipwa kama gunia moja, kisha likifika mjini mzigo uleule hupimwa upya na kuzaa gunia moja na kitu. Mkulima anapunjwa kwa gunia lililofura, mimi na wewe tunapunjwa kwa sado iliyobonyea, na katikati yuko mtu anayenenepa. (Baba Bahati anasema ananenepa kwa haki kwa kuwa ndiye anayelipia lori, lakini usimsikilize, yeye mwenyewe aliwahi kuwa dalali wa choroko.)

Wewe umezoea sado za Mama Getruda, anayejaza hadi juu pakawa na kichuguu, halafu akaongeza kiganja bila kuombwa. Siku hizi wapo ambao kitako cha kopo kimegongwa kikaingia ndani, na kile kichuguu cha juu ndicho kinachokufanya usitazame chini. Sisemi kwamba wote ni wezi. Nasema kwamba kwa shughuli ya watu wengi kiasi hicho, upungufu wa kiganja kwa kila sado utauona siku ya sherehe, wakati meza za nyuma hazijapakuliwa.

Kwa hiyo naomba ruhusa yako tununue kwa wakulima wenyewe, kwenye magulio ya upande wa Misungwi, nami nitabeba mizani ya kuning'iniza hata kama watanicheka. Mihogo na mananasi tutayapata kwa akina mama wa Sengerema, ambao tangu Daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa mwezi Juni 2025 hawana tena haja ya kukesha wakingoja kivuko. Kuhusu mchele, najua umesikia kwamba mpunga umevunwa na bei imeshuka, na ni kweli. Lakini mchele mpya hushikana, nawe hutaki wageni wa upande wa bwana harusi wapakuliwe bokoboko. Afadhali tulipe zaidi kidogo tupate wa msimu uliopita, ambao hujaa sufuriani, na hapo pia ndipo kilo zitakapotusaidia kupiga hesabu.

Dagaa ni habari nyingine. Pale soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, bei inafuata mwezi wa angani: usiku wa giza wavuvi hushusha taa zao na dagaa hujaa, lakini mbalamwezi ikipamba moto wengi hupumzisha mitumbwi na bei hupanda. Tena nitachagua waliokaushwa kwenye chanja, kwa sababu wale wa kuanikwa chini huja na mchanga wao, na ukinunua kwa gunia mchanga nao unaulipia. Hata huko kwenye dagaa, unaona, tunarudi kwenye kipimo kilekile.

Nyanya niachie mimi, nitazinunua siku mbili kabla.

Sasa nijibu haya. Wageni ni wangapi hasa, ukiacha wale ambao Mzee Masanja atawaalika bila kukuambia? Yule ng'ombe aliyemwahidi bado yupo, au ndiyo yaleyale ya harusi ya Doto? Maharage unataka ya njano au yoyote yanayoiva haraka? Nikuwekee na michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, ya kurudi nayo? Na yule kijana wako mwenye pikapu anaweza kuja nami gulioni, au nikodi bajaji na kusali njiani? Jibu mapema, maana giza la mwezi huu halina siku nyingi, na nikichelewa kwenda Mwaloni itabidi uniongezee fedha.

Wako,
Mama Bahati