YAH: MNARA WA ANTENA WA MITA 18 MLIOUACHA UMELEGEA RASKAZONE, TANGA, NA ANKARA YA SHILINGI 350,000 AMBAYO SITAILIPA

Tanga, 4 Julai 2025

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Ndugu Meneja,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nimepokea barua yenu ya tarehe 26 Juni 2025 pamoja na ankara iliyoambatanishwa. Nimeisoma mara tatu, mara ya tatu kwa sauti ili mke wangu naye asikie, kwa sababu hakuamini nilipomsimulia. Sitawaeleza masharti ya udhamini wa miezi 12, kwa kuwa ni ninyi mlioyaandika, wala utaratibu wenu wa usalama kazini, ambao mmeuchora kwa herufi nyekundu ubavuni mwa gari lile lile lililokuja kwangu.

Barua yenu inasema kwamba tarehe 17 Juni "mteja aliingilia kazi ya mafundi na kusababisha isikamilike". Naomba nianzie hapo, ingawa hapo si mwanzo wa habari, maana hiyo ndiyo sentensi inayoninyima usingizi. Siku hiyo, yapata saa tano asubuhi, msimamizi wenu alifungua klipu zote tatu, yaani vibanio vya waya, za stei ya juu (waya unaoushikilia mnara usianguke) upande wa kusini, ilhali upepo wa kusi unavuma, na ilhali kijana wenu yuko mnarani, kiasi cha mita 12 kutoka ardhini, hana mkanda. Hapakuwa na waya wa muda wala winchi ya mkono ya kuushikilia mnara wakati stei ikiwa wazi. Mnara ukainama. Nilikimbia nikaudaka mkia wa waya kwa mikono mitupu, na msimamizi wenu, simu ikiwa sikioni, akanigeukia mbele ya mke wangu na majirani akaniambia: "Mzee, acha kuchezea waya. Wewe kasikilize redio yako." Hiyo ndiyo mnayoiita kuingilia kazi.

Kusikiliza redio, Ndugu Meneja, ndiyo kazi iliyonilea na kusomesha wanangu wanne. Nilikuwa opereta wa redio melini kwa miaka 22, na tangu nistaafu ninayo leseni ya redio ya ridhaa niliyoipata kwa taratibu za Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA), kama nilivyopata kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga kwa ajili ya urefu wa mnara huu kabla sijawalipa ninyi hata senti moja. Juu ya mnara kuna antena ya vipengele vitatu ya bendi ya mita 20, kila kipengele kikiwa na urefu wa karibu mita 10, pamoja na mota ya kuizungusha. Kitu cha namna hiyo kikipigwa na kusi hugeuka tanga la jahazi, na stei ndizo zinazouzuia mlingoti usivunjike. Ndiyo sababu nilitafuta kampuni badala ya kumwita fundi wa madirisha, kama wenzangu walivyonishauri. Leo wananicheka.

Zege la msingi mlilimwaga tarehe 24 Machi na tarehe 27 Machi mkasimamisha mnara juu yake. Niliuliza kwa nini haraka yote hiyo, wakati zege hupewa siku 28 kufikia nguvu iliyokusudiwa, nikajibiwa kwamba kesho yake gari linahitajika Korogwe. Sikubishana, na hilo ni kosa langu la pekee nitakalolikiri katika barua hii.

Kuhusu klipu, naomba mnielewe vizuri, kwa kuwa fundi mkuu wenu aliniambia kwenye simu kwamba "klipu ni klipu". Mnara wangu una stei sita, tatu za juu na tatu za chini, kila moja ina klipu tatu kwenye kila mwisho, jumla klipu 36. Za kwenye ncha za juu siwezi kuzisemea, lakini zile 18 za ncha za chini nimezikagua moja moja nikiwa nimepiga magoti kwenye mchanga. Kumi na moja zimefungwa kinyume. Tandiko la klipu linatakiwa likae kwenye waya unaobeba mzigo, na ule msumari wenye umbo la U uukandamize mkia. Ukigeuza, U inauponda waya wenyewe unaoshikilia mnara, unapungua nguvu pale pale ambapo haupaswi, na siku ya upepo mkali huanza kuteleza au kukatika uzi baada ya uzi. Hata vijana wanaofunga mizigo bandarini wanalijua hilo.

Wala si klipu peke yake. Vikazio vyote sita, vile vyuma vya kuzungusha vinavyokaza stei, mliviacha bila waya wa kuvifunga visizunguke, kwa hiyo mtikisiko wa upepo umevifungua vyenyewe. Kimoja nilikikuta kimerudi mizunguko mitatu. Stei ambayo inatakiwa ivutwe kwa takriban sehemu moja ya kumi ya nguvu inayoweza kuikata, mimi naisukuma kwa kidole na inacheza kama kamba ya kuanikia nguo. Waya wa shaba wa kupeleka radi ardhini mmeufunga moja kwa moja kwenye mguu wa mnara uliopakwa zinki, mita chache kutoka baharini, na katika miezi mitatu tu shaba imeshaila zinki, imebaki alama ya kutu pana kama kiganja. Kiungio cha kebo pale juu hamkukizungushia mkanda wa kuzuia maji, masika yakaingia. Kipimo cha mawimbi yanayorudi, ambacho siku ya makabidhiano kilisoma 1.3 na sote tukakishuhudia, sasa kimepita 3, na redio yenyewe inapunguza nguvu ili isiungue.

Haya yote niliwaeleza kwa simu tarehe 22 Mei. Binti aliyepokea, ambaye simlaumu, aliniuliza king'amuzi changu ni cha kampuni gani. Nilipomweleza kwamba sizungumzii televisheni, alinihamishia kwa mtu mwingine, huyo naye akakata. Siku ya pili nikaambiwa mafundi watakuja wiki ijayo, kisha ikawa kabla ya Idi, kisha ikawa baada ya Idi. Nilituma picha za klipu, nikatuma na video ya mnara unavyoyumba jioni. Siku 26 zilipita, na katika siku hizo jirani yangu anayekaanga vitumbua nyuma ya ukuta wa kaskazini alikuwa akiniuliza kila asubuhi: "Baba, leo wanakuja?"

Walipokuja walikuwa wawili tu. Sasa naomba nirudi pale, kwa kuwa barua yenu imepita juu yake kwa mstari mmoja, nami sikubali ipitwe hivyo.

Kijana alipanda akiwa amevaa ndala. Nilimuuliza msimamizi mkanda uko wapi, akasema uko garini. Uko garini kweli. Niliuona mwenyewe kwa macho yangu kwenye kiti cha nyuma, umo ndani ya mfuko wake wa plastiki ambao haujawahi kufunguliwa. Kijana alikuwa ameshavuka stei ya chini, yaani sehemu ile ambayo juu yake mnara hauna kingine cha kuushika isipokuwa stei tatu za juu. Msimamizi wenu alichutama kwenye nguzo ya kusini akiwa ameibana simu kati ya sikio na bega, anazungumza na mteja mwingine habari za malipo, huku mkono wa kulia unazungusha spana. Angefungua klipu moja akaigeuza, akaifunga, kisha akaenda kwenye ya pili, nisingesema neno. Alilegeza ya kwanza, akalegeza ya pili, nikamwambia "Bwana, ngoja, mtu yuko juu." Akaniinulia kiganja kama askari wa barabarani. Akalegeza ya tatu.

Waya ulianza kuteleza kwenye jicho la kikazio kwa sauti kama ya kisu kinachonolewa. Ncha ya mnara ilisogea kaskazini zaidi ya kimo cha mtu. Ndala moja ya kijana ikadondoka, ikapiga bati la jiko langu. Mama wa vitumbua aliinua kichwa, akaona mnara unamjia, akaliacha karai lenye mafuta motoni, akamnyakua mjukuu wake mkono mmoja na kukimbilia barabarani. Mimi nina umri wa miaka 68. Niliushika ule mkia nikauzungusha kwenye nguzo, nikauegemea kwa uzito wangu wote, nao ukanikata kiganja cha kushoto kabla haujasimama. Na hapo ndipo msimamizi wenu, bila kuondoa simu sikioni, aliponiambia niache kuchezea waya nikasikilize redio yangu. Alisema hivyo wakati damu yangu inachuruzika kwenye klipu zenu. Kisha akamwambia mtu wa kwenye simu: "Samahani mkuu, kuna mzee hapa ananisumbua."

Alipomaliza mazungumzo ndipo akaukaza waya, akazirudisha klipu zote tatu, na zote tatu akazifunga kinyume vilevile kama zilivyokuwa. Hakuugusa upande mwingine wowote. Kijana alishuka anatetemeka, mguu mmoja pekupeku, na kitu cha kwanza alichonitamkia kilikuwa "Shikamoo babu", kana kwamba ndiyo kwanza tunaonana siku ile. Nilimwitikia marahaba, nikamwambia mke wangu ampe maji. Msimamizi hakunipa hata pole. Walipakia vifaa wakaondoka, na siku tisa baadaye ikaja ankara ya "kazi iliyokatizwa na mteja".

Nimeshonwa nyuzi tano na risiti ya zahanati naiambatanisha. Lakini lililonitia uchungu kuliko kidonda ni aya ya mwisho ya barua yenu, mnaposema kuwa "hatua zimechukuliwa dhidi ya fundi aliyekuwa juu". Yaani aliyepandishwa bila mkanda ndiye anayeadhibiwa, na aliyemfungulia waya ndiye aliyewaandikia taarifa! Kama mlitaka shahidi mngeniuliza mimi, au mngemuuliza mama wa vitumbua, ambaye tangu siku ile amehamishia biashara yake upande wa pili wa barabara na kupoteza wateja wake wa asubuhi.

Nilipokaa kuandika barua hii nilikusudia kuomba jambo moja tu: mlete fundi anayejua kazi, afunge upya klipu zote 36, avifunge vikazio kwa waya, azikaze stei kwa kutumia kipimo na si kwa kukisia, atenganishe shaba na zinki kwa kiungio kinachofaa, akaushe na kubadilisha kebo iliyoingia maji, na yote afanye mbele yangu. Hilo bado nalitaka. Lakini kadiri nilivyoandika nimeona halitoshi. Ankara ya shilingi 350,000 ifutwe kwa maandishi. Gharama zangu za matibabu zilipwe. Taarifa ya msimamizi wenu irekebishwe, na kijana yule arudishwe kazini akiwa na mkanda uliotolewa kwenye plastiki. Nataka pia barua ya kuniomba radhi, mimi, mke wangu na jirani yangu, yenye sahihi ya Mkurugenzi na si mhuri wa mapokezi.

Nilikusudia vilevile kuwapa siku 14. Nawapa saba, kuanzia siku mtakayosaini kupokea barua hii, kwa kuwa mwezi huu wa Julai kusi haipungui na mnara haujui kusubiri ofisi. Siku ya nane sitaomba tena matengenezo. Nitadai mnara wote ushushwe kwa gharama zenu na nirejeshewe shilingi 6,800,000 nilizolipa, na nitapeleka picha, video, risiti na majina ya mashahidi kwa Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi (OSHA) na kwa Tume ya Ushindani, ambako nakala za barua hii zimo tayari ndani ya bahasha zilizoandikwa anwani. Kilichobaki ni stempu. Wakili nimeshaonana naye. Mkichelewa zaidi ya hapo, mtajibu huko na si kwangu.

Kwa sasa rafiki yangu wa bandarini ameniazima winchi ya mkono na waya wa muda, na ndivyo vinavyoushikilia mnara wenu upande wa kusini. Antena nimeizungusha ili upepo uipige kidogo. Anavihitaji vifaa vyake ifikapo tarehe 14 Julai.

Fundi mtakayemtuma atalikuta geti wazi kuanzia saa moja asubuhi. Msimamizi yule asije.

Wenu katika kusubiri majibu,

Mteja wenu, Raskazone, Tanga

Viambatanisho: picha 18 za klipu, video moja, hati ya makabidhiano, risiti ya zahanati, na ankara yenu, ambayo narudisha ikiwa haijalipwa.