Mjomba, kile ulichokiita kichuguu

Mjomba, shikamoo.

Nilipotuma picha za Old Sarum, kilima chenye magofu ya kale, kwenye grupu la familia ulijibu kwa mstari mmoja: "Umelipa nauli kwenda kutazama kichuguu?" Watu wakacheka, nami nikanyamaza. Nakujibu leo, hadharani, na waliocheka wasome.

Kichuguu hicho kiko kilomita 3 hivi kaskazini mwa mji wa Salisbury, Uingereza. Ukipanda unavuka handaki la kwanza, unapita uwanja mpana wa majani, halafu unakutana na handaki jingine. La nje lilichimbwa yapata mwaka 400 kabla ya Kristo, likizunguka boma la kama hekta 12. Wanormani, watu wa Normandy huko Ufaransa, walipoiteka nchi mwaka 1066 walikuta kazi ngumu imeshafanywa. Wakachimba lao katikati, wakapandisha ngome. Mwaka 1086 mfalme wao, William, aliwaita hapo wenye ardhi wamwapie utii.

Sasa sikiliza wewe mchimba visima. Kilima chote ni chaki; viatu vyangu vilirudi vyeupe kama vya mpaka rangi. Ndani ya ngome kuna kisima. Nilipokichungulia nilijiuliza wewe ungetoza kiasi gani kwa futi, maana huko juu maji ndiyo yaliyowashinda watu.

Maji na upepo. Kanisa kuu lilijengwa ndani ya boma, likawekwa wakfu mwaka 1092, na siku 5 baadaye dhoruba ikaliharibu vibaya. Walilijenga tena, lakini mapadre hawakuacha kulalamika: upepo unameza nyimbo zao, maji ni ya kununua, na askari wa ngome ni majirani wa kukutia uchizi. Mwaka 1220 wakaweka jiwe la msingi la kanisa jipya bondeni, karibu na mto, na mji ukawafuata. Hata mawe yakateremshwa: kwenye ukuta unaozunguka viwanja vya kanisa jipya utaona yenye nakshi za lile la zamani.

Cha kuchekesha, kilima kilichobaki mahame kiliendelea kupeleka wabunge 2 London hadi mwaka 1832! Wapiga kura walikuwa wachache wa kuhesabika, tena wanaishi kwingine. William Pitt, aliyekuja kuwa waziri mkuu, aliingia bungeni kwa kiti hicho mwaka 1735. Babu yake ndiye aliyekuwa amekinunua kilima.

Ukija, vaa viatu usivyovionea huruma. Na ubebe ile kamba yako ya kupimia kina.