Mjomba, usiache mtindi

Mjomba, shikamoo.

Mama ameniambia kwamba tangu lile jiwe la figo litoke umepiga marufuku maziwa nyumbani, kwa sababu daktari alisema jiwe lilikuwa la kalsiamu. Nakuandikia hadharani kwa kuwa madereva wenzako wengi wa njia ya Tunduma wanaugua hivyo hivyo na wamepewa ushauri huo huo wa mitaani.

Maziwa hayana kosa. Mawe mengi ya figo ni kalsiamu iliyoshikana na oksaleti, na oksaleti, kemikali ya asili ya mimea, iko kwa wingi kwenye mchicha, spinachi, karanga, korosho na hata chai ya rangi. Ukila mchicha na mtindi katika mlo mmoja, kalsiamu ya mtindi huikamata oksaleti humo humo tumboni na vyote viwili huishia chooni. Ukiuacha mtindi, oksaleti nyingi zaidi inaingia kwenye damu na kutokea figoni. Huko Parma, Italia, madaktari waliwafuatilia kwa miaka 5 wanaume 120 waliokuwa wakisumbuliwa na mawe ya aina hiyo. Nusu walipunguziwa kalsiamu. Nusu waliachiwa kalsiamu ya kawaida, ila wakapunguza chumvi na nyama. Matokeo yalitoka mwaka 2002: katika kundi la kwanza mawe yaliwarudia 23, katika la pili 12.

Kwa hiyo mchicha uendelee, ila uchemshwe na yale maji yamwagwe, na mtindi uwe mezani.

Kinachonitia hofu kwako ni chumvi. Nimekuona ukinyunyizia chipsi mayai kabla hujaonja, na ng'onda hukosi safarini. Chumvi ikizidi, figo huitoa kwa mkojo, na inavyotoka inavuta kalsiamu pamoja nayo. Shirika la Afya Duniani linataka isifike gramu 5 kwa siku, takriban kijiko kimoja cha chai, pamoja na iliyomo kwenye mkate, soseji na viungo vya pakiti. Nyama choma na maini navyo vipungue.

Halafu maji. Najua unajinyima kwa makusudi: foleni ya mizani, na ukishaingia hifadhi ya wanyama ya Mikumi hakuna kushuka. Lakini mwili unaotoka jasho kutwa kwenye kabini ya lori unaacha mkojo mzito, na humo ndimo jiwe linapoanza. Unatakiwa ukojoe kama lita 2 na nusu kwa siku, maana yake unywe lita 3 au zaidi kwa joto lile. Mkojo ukiwa wa njano iliyokolea, bado hujanywa. Kamulia ndimu au limau, sitreti yake huzuia chembe zisishikane. Soda haitakusaidia, sukari yake inaongeza hatari. Ila kama daktari aliwahi kukupimia kiasi cha maji kwa ajili ya moyo au figo, mfuate yeye.

Na maumivu yale yakirudi pamoja na homa au kutetemeka kwa baridi, tafadhali mjomba, usingoje ukashushe mzigo. Egesha gari, uingie hospitali iliyo karibu siku hiyo hiyo. Jiwe lililoziba njia ya mkojo huku kuna maambukizi linaweza kuua.