Siafu wa kitandani na sauti za ukutani si ugonjwa mmoja

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo lililonikereketa kwa miaka yote niliyofanya kazi ya uuguzi katika wodi ya wagonjwa wa akili, nalo ni mazoea yetu ya kuyatia maruweruwe yote katika kapu moja. Mtu akisikia sauti ya asiyekuwepo, akiona wadudu ambao wenzake hawawaoni, au akinusa harufu ya kitu kinachoungua ilhali jiko halijawashwa tangu jana, jamaa zake husema amechanganyikiwa au amepandisha mashetani, na baada ya hapo hakuna anayemuuliza mwenyewe anasikia nini wala anaona nini.

Tuliwahi kuletewa fundi seremala mmoja akiwa amefungwa kamba mikononi. Tulipomfungua aliketi kitandani akaanza kuokota kitu kwenye shuka kwa ncha za vidole, kimoja kimoja, na kukitupa sakafuni, akisema ni siafu. Mikono ilikuwa ikitetemeka, shati limelowa jasho, na hakujua kama ni asubuhi au jioni. Kituo alikopitia kwanza kilikuwa kimeandika kwamba ni mgonjwa wa akili, bila kuuliza habari za pombe. Mkewe ndiye aliyetueleza kwamba mumewe alikuwa akinywa gongo kila siku kwa miaka mingi, na kwamba siku tatu kabla ya hapo aliacha ghafla kwa kukosa fedha. Hali ile hujitokeza mara nyingi kati ya siku ya pili na ya nne baada ya kinywaji cha mwisho, na isipotibiwa mapema inaweza kuua. Alichohitaji ni dawa ya kutuliza iitwayo diazepamu, vitamini B1, maji, na mtu wa kumpima joto na sukari mara kwa mara. Baada ya siku chache aliuliza kwa aibu ni nani aliyemfunga kamba.

Ndiyo maana nasisitiza kwamba mtu anayeanza ghafla kuona vitu, hasa akiwa na homa au akili yake ikipotea na kurudi, achunguzwe mwili kwanza, kwa kuwa malaria kali, homa ya uti wa mgongo na sukari iliyoshuka huweza kuleta hali hiyo hiyo. Kwa wazee wenye macho mabovu kuna jambo jingine kabisa, ambalo Mswisi Charles Bonnet alilieleza mwaka 1760 baada ya babu yake, aliyekuwa na mtoto wa jicho, kuanza kuona watu, ndege na majengo yasiyokuwepo. Mzee yule alikuwa na akili timamu na alijua kwamba anayoyaona hayapo. Wazee wetu wa namna hiyo wapo, nao hunyamaza wasije wakaitwa wachawi.

Katika skizofrenia, ugonjwa wa akili unaomfanya mtu ashindwe kutenganisha yaliyopo na yasiyokuwepo, kinachotawala mara nyingi ni sauti, na hizo nazo hazifanani. Wapo wanaosikia watu wawili wakiwajadili, na wapo wanaosikia sauti ikisimulia kila wanachofanya: "Sasa anafunga mlango, sasa anachota maji." Daktari Mjerumani Kurt Schneider alizipa sauti za aina hii uzito wa pekee katika kuutambua ugonjwa huo. Mwenye sonona kali husikia zaidi matusi na lawama zinazolingana na huzuni yake. Sauti ninayoihofia kuliko zote ni ile inayoamuru. Mgonjwa aulizwe waziwazi kama sauti inamtaka ajidhuru au amdhuru mtu, na kama amewahi kuitii. Kumuuliza hakumwingizii wazo hilo kichwani, na wengi nimewaona wakishusha pumzi kwa kupata hatimaye mtu wa kumwambia.

Harufu mbaya inayokuja kwa sekunde chache na kujirudia vilevile kila mara yafaa itufikirishe kifafa. Kwa upande mwingine, jinamizi linalomkaba mtu anapoanza kusinzia au kuamka, na mjane anayesikia kikohozi cha marehemu mumewe ukumbini, si dalili za wazimu, wala kanzu iliyotundikwa msumarini ikadhaniwa mtu gizani si maruweruwe, kwa sababu kanzu ipo na jicho ndilo lililokosea.

Sipingi mgonjwa kuombewa na sheikh au mchungaji wake. Ninachoomba ni kwamba waandishi wako waache kuandika "mwenye mapepo" kabla daktari hajamwona mtu, na kwamba ndugu wanaomleta mgonjwa waje na majibu, hata kwenye karatasi ya daftari: anasikia, anaona au ananusa nini, ilianza lini, anajua yuko wapi na leo ni siku gani, anatumia dawa gani, na alikunywa pombe mara ya mwisho lini.

Muuguzi mstaafu wa afya ya akili,
Morogoro.