Mlio hafifu uuhoji kabla ya kushika jembe

Mhariri,

Kila yanapozungumzwa mambo ya detekta za metali, zile mashine za kutafutia vitu vya metali ardhini, hakukosi mtu wa kusema, "Ukisikia mlio, chimba." Kwa mgeni wa siku ya kwanza si ushauri mbaya, maana atajifunza milio kwa kuona kinachotoka shimoni. Aliyekwisha zoea mashine akiufuata, atashinda juani akifukua misumari, na jioni mikono itakuwa imekwisha nguvu kabla hajafikia mashimo mawili matatu yaliyostahili jasho lake. Wapo pia wanaopita juu ya kila mlio mdogo kwa kuwa skrini haikuonyesha namba ya kupendeza, ile ya kukisia aina ya kitu kilicho chini. Hao nao wanaacha mali chini. Tunaomba nafasi katika ukurasa wa barua tueleze jinsi mlio hafifu unavyohojiwa.

Nguvu ya mlio haina uhusiano na thamani ya kitu. Debe tupu haliachi kuvuma, na kwa detekta hilo ni kweli bila fumbo: kopo la bati lililo sentimita tano chini hupiga kelele kuliko sarafu ya fedha iliyo sentimita 25. Koili, yaani duara la waya lililo mwisho wa fimbo ya mashine, hutoa uga wa sumaku. Uga huo ukikuta metali huamsha mikondo midogo ya umeme inayozunguka ndani yake, na mikondo hiyo hutoa uga wake unaorudi kwenye koili. Uga hufifia wakati wa kwenda, na ukirudi hufifia tena. Kinadharia, kitu kidogo kikiwa mbali kuliko upana wa koili, umbali ukiongezeka mara mbili mlio hushuka kama mara 64. Karibu na koili kushuka si kukali kiasi hicho, lakini mwelekeo ni uleule. Ndiyo maana mlio hafifu unaweza kuwa kipande cha karatasi ya alumini kilicho juujuu, na unaweza kuwa kitu kizito kilicho chini sana. Masikioni vinafanana. Kazi ni kuvitenganisha.

Kabla ya kuuhoji mlio, mashine yenyewe iwe imetulia. Inua koili hewani, mbali na udongo, uishike bila kuitikisa. Ikiendelea kulia, hiyo ni kelele ya umeme: nyaya za juu, simu iliyo mfukoni, au detekta ya mwenzako aliye karibu. Badilisha chaneli ya masafa, zima simu, sogeeni mbali. Kisha sawazisha mashine na udongo mahali pasipo na metali, kwa kuishusha koili kutoka kama sentimita 30 hadi sentimita tano na kuipandisha tena, huku ukirekebisha mpaka mvumo, ile sauti ndogo inayosikika muda wote, usibadilike juu wala chini. Rudia kila rangi ya udongo inapobadilika. Wengi husawazisha asubuhi mara moja, wakavuka kutoka udongo mweusi hadi mwekundu wenye chuma kingi, halafu wakailaumu mashine.

Usikivu nao usiupandishe hadi mwisho ukidhani utafika chini zaidi. Katika udongo wenye chuma, usikivu wa juu huifanya mashine ipige kelele zake yenyewe, na mlio hafifu huzama humo. Shusha mpaka mvumo wa msingi uwe laini na wa mfululizo, kama mbu aliye chumba cha pili. Mlio unaoutafuta mara nyingi si mlio kamili. Ni mvumo huo kutetereka kidogo, kuvimba au kukatika kwa kitambo. Bila spika za masikioni utaukosa mara nyingi, hasa upepo ukivuma.

Sasa mlio umeusikia. Swali la kwanza ni kama unajirudia. Pitisha koili mahali palepale mara tano au sita, ikiwa sambamba na ardhi na karibu kuigusa, kwa mwendo uleule. Kosa la kawaida ni kuinua koili mwishoni mwa kila mpito kama mtu anayefyeka majani; sentimita tano unazopoteza hapo ndizo zilizobeba mlio wenyewe. Mlio unaotokea mara mbili katika mipito sita, tena kila mara mahali tofauti, uache. Unaotokea mara zote sita mahali pamoja, hata uwe mdogo kama pumzi, haujakataliwa bado.

Kisha geuka digrii 90 na upitishe koili kukata mstari wa kwanza. Hapa ndipo misumari inapojisaliti. Kitu cha mviringo kilicholala bapa, kama sarafu au pete, hulia sawa pande zote na kitovu chake hakihami. Msumari una kauli mbili: kutoka upande mmoja unalia vizuri kama sarafu, ukigeuka unakatika, unakoroma au unahamia kando kwa sentimita kadhaa. Kama mashine yako ina kitufe cha kulenga, linganisha mahali kinapoonyesha na mahali mlio wa kawaida ulipotokea. Vikiachana kwa upana wa kiganja, kuna uwezekano mkubwa kuwa ni chuma kirefu.

Hata hivyo usifanye sheria ya mlio wa upande mmoja kwamba hauchimbwi. Sarafu iliyosimama kwa ukingo hulia hivyo, na sarafu iliyolala kando ya msumari pia. Penye vyuma vingi vaa koili ndogo, ya sentimita 15 hivi, inayoweza kutazama katikati ya misumari miwili badala ya kuimeza yote kwa pamoja, halafu zunguka mlio huo taratibu kama unayezunguka meza. Sauti nzuri ikitokea katika sehemu ya mzunguko na ikabaki mahali palepale kila mara, chimba. Ikiwa inaruka kutoka ncha hadi ncha, endelea na safari.

Kipimo cha tatu ni kuinua koili kidogo kidogo. Kitu kilicho sentimita tano chini ya koili, ukiinua sentimita tano umezidisha umbali mara mbili, na kama ni kidogo kinanyamaza. Kitu kilicho sentimita 25 umekiongezea sehemu moja tu katika tano, kwa hiyo mlio unapungua lakini haufi ghafla. Mlio hafifu unaovumilia kuinuliwa ni wa kitu kilicho chini au kikubwa. Unaokatika ghafla ni wa kitu kidogo kilicho juu, na hicho huhitaji buti tu, si sululu.

Tunafika kwenye kipimo tunachokiamini kuliko vyote: kukwangua. Weka alama kandoni, sogeza koili, kwangua sentimita tatu hadi tano za udongo wa juu kwa eneo pana kidogo kuliko koili, uusukume udongo wote upande mmoja. Rudisha koili, sasa ikiwa karibu zaidi. Mlio wa metali lazima ukue na ukaze; ulikuwa umetandaa, sasa una ncha. Ukibaki vilevile, ukitandaa zaidi au ukihama, huo ni udongo unaosema. Ukipotea kabisa, usiondoke: pitisha koili juu ya lundo ulilosukuma. Watu wengi wamekitupa kitu kwenye lundo kisha wakachimba nusu mita chini wakitafuta kisichokuwepo. Kwangua tena mara ya pili na ya tatu. Mlio uliokua mara tatu mfululizo unastahili shimo, hata skrini iseme nini.

Udongo unadanganya kwa njia zinazojulikana. Jiwe lenye chuma kingi hulia kama metali, lakini ukipunguza mwendo wa koili au ukiinua kidogo sauti yake huyeyuka haraka. Ukilitoa, liguse kwa sumaku uone kama linashika. Mahali palipowashwa moto zamani pana sauti pana isiyo na kitovu, kwa sababu joto hugeuza chuma cha udongoni kuwa cha sumaku zaidi. Shimo la panya au shimo la zamani lililofukiwa hulia pia, kwani mashine imesawazishwa na udongo na hapo udongo umepungua. Ardhi ya chumvi iliyolowa hupitisha umeme, na koili ikipanda na kushuka juu yake utasikia milio isiyo na mwenyewe. Dalili yao wote ni moja: hawana kingo. Metali ina mahali inapoanza na mahali inapoishia.

Kuhusu namba za skrini tuseme kidogo tu. Namba hiyo hutokana na jinsi mawimbi yanayorudi yanavyochelewa, na kwa mlio hafifu mashine haina cha kutosha kupima, hivyo inabahatisha. Namba ikicheza ndani ya tatu au nne ni ya kuaminika kiasi. Ikiruka kutoka ya chini kabisa hadi ya juu kabisa, mara nyingi ni msumari au vitu viwili pamoja. Lakini kitu kizuri kilicho chini sana katika udongo wa chuma huvutwa kuelekea namba za chuma, na punje ndogo za dhahabu hukaa pamoja na karatasi za alumini katika namba zilezile. Kwa hiyo ukichuja alumini, yaani ukiiamuru mashine inyamazie namba zake, umechuja dhahabu ndogo pia. Bapa la chuma, kama kizibo cha soda au washa ya bolti, lina tabia ya kujifanya kitu cha maana kwa namba ya juu. Mwenye mashine ya palsi, inayotuma umeme kwa mapigo mafupi mafupi badala ya mfululizo, asitarajie msaada wa kuchuja. Mashine hizo hufika chini na huvumilia udongo mbaya, ila msumari kwao ni metali kama metali nyingine.

Kuna la ziada kuhusu chuma cha kale. Kikikaa ardhini miaka mingi, kutu yake husambaa kwenye udongo na kukifanya kionekane kikubwa kuliko kilivyo. Ukivunja udongo huo mlio unapungua au unatoweka kabisa, mtu anaachwa akishangaa. Mlio ulioanza kukua kwa kukwangua kisha ukafifia shimoni, mara nyingi ni huo.

Ukiamua kuchimba, anza kando, sentimita kumi hivi kutoka kitovu, ili jembe lisikwangue sarafu uliyoihangaikia. Chimba sentimita kumi, pima shimo, pima lundo, endelea. Jembe, sululu na viatu vyenye chuma vikae mbali na koili kila unapopima. Sumaku iliyofungwa mgongoni mwa sululu hunasa misumari na vipande vya kutu mapema. Mlio ukihamia kwenye lundo, chota udongo kwa kichoteo cha plastiki na ukipitishe juu ya koili iliyolazwa. Kikilia, mwaga nusu upande, pima kilichobaki. Kisipolia, rudi kwenye ile nusu iliyomwagwa. Ukigawa mara tano umebaki na sehemu moja katika 32, yaani pinchi ya udongo unayoweza kuitandaza kiganjani. Kuchambua lundo zima kwa vidole huchukua muda mrefu kuliko hivyo na vitu vidogo hupita.

Ipo pia milio ambayo haichimbwi hata ikijirudia vizuri. Mlio hafifu mpana kuliko koili mara mbili, unaovumilia kuinuliwa hadi magotini, ni wa kitu kikubwa. Kabla ya kufurahi, ufuate. Ukinyooka mstari kwa hatua nne au tano ni bomba au waya wa umeme, acha. Kama eneo lilipata kuwa uwanja wa vita au wa kulengea shabaha, mlio mkubwa wa chini usiguswe kwa jembe: weka alama, ondokeni, waarifuni polisi. Na mlio unaotoka ndani ya magofu, makaburi au eneo la kihistoria una mwenyewe kisheria, hata uwe mtamu namna gani. Ruhusa hutangulia koili.

Kwa anayetaka kuzoesha masikio, fukia sarafu nne za aina moja kwa sentimita 10, 15, 20 na 25, na msumari kando, katika udongo uleule anaotafutia, kila kimoja umbali wa mita moja na nusu kutoka kingine. Awe tayari kuona ile ya 25 haisikiki kabisa wiki ya kwanza: udongo uliovurugwa karibuni haujashikana, na wengi husema sarafu mpya kufukiwa huwa na mlio dhaifu kuliko iliyolala humo miaka. Asiifukue. Mvua ikinyesha na udongo ukakaa, apite tena juu yake kila asubuhi kabla ya kwenda kazini.

Wenu katika kazi,
Watumiaji wa detekta za metali